Maoni yangu: fundi wa maziwa ya kitambaa Ngamiani Tanga, kwa tuliotolewa titi lenye implanti

Asalaam aleikum na habari zenu wote. Niliahidi kitambo kwamba nikimaliza matibabu ntakaa niandike kuhusu huyu bibi fundi wa Ngamiani anayeshona maziwa ya kitambaa, yani matiti ya bandia ya kuvaa ndani ya sidiria, maana kuna wadada watatu washanitafuta pembeni wananiuliza ile ya kwangu nimeipata wapi, na kila nikimjibu mmoja najikuta lazima nianzie mbali, kwa sababu mimi titi langu lililotolewa lilikuwa na silikoni ndani na hiyo ndiyo ilibadilisha kila kitu, kuanzia vipimo, oparesheni, adi huo ushonaji wenyewe. Kwa hiyo leo naandika yote mara moja. Ni ndefu, mnisamehe.

Mi ni mtoto wa Tanga, nimezaliwa Chumbageni, nina miaka 46. Nilikaa Dubai miaka 9 nafanya kazi saluni na mwaka 2014 nikaweka implanti, ile mifuko ya silikoni ya kujaza matiti. Nilikuwa nimenyonyesha watoto 3, kifua kimeniishia, nikadunduliza pesa yangu miaka 2 nikafanya, na nilizipenda sana. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu tulioweka tunaficha, wengine adi mume hajui, mama hajui, na siku ugonjwa unakuja ile siri inakuwa mzigo wa pili juu ya mzigo. Zangu zilikuwa cc 275 kila upande, zile za uso laini, zimelazwa chini ya msuli. Haya yote niliyajua baadae, wakati ule nilipewa kikadi kigumu kama cha benki nikakitia kwenye mfuko wa pasipoti nikakisahau. Hicho kikadi kiwekeni akilini, tutarudi kwake.

Februari 2023 niko bafuni naoga nikagusa kitu ziwa la kushoto, juu kule kuelekea kwapani, kigumu kama korosho, hakiumi na hakisogei. Nikajiambia labda ni mkunjo wa silikoni. Nikakaa nacho wiki 3. Alafu nikaenda zahanati moja ya watu binafsi hapa mjini, jina nalihifadhi. Nilipomwambia yule bwana kwamba nina implanti alinyanyua macho akanitazama kwanzia juu adi chini, akanipapasa juu juu kama dakika moja nikiwa na dera langu mwilini, akasema hiyo ni silikoni imejikunja, na kama ni ugonjwa basi hizo hizo ndio zimekuletea, nani alikwambia ubadilishe maumbile. Akanipa dawa za maumivu, maumivu ambayo sikuwa nayo, akasema nirudi baada ya miezi 3. Nilitoka pale nimejifunika ushungi adi puani nikawa nalia njiani Barabara ya 20 yote. Sikurudi kwake, ila pia sikwenda kwengine, nikakaa miezi 2 na zaidi na aibu yangu. Hapo pana uchungu wangu mkubwa adi leo. Kansa ya titi inataka kuwahiwa, na huku kwetu wanawake wengi wanafika hospitali ishakwenda mbali, sasa mtu akishakuvunja moyo mlangoni ndio kabisa.

Na alichosema sio kweli. Madaktari walionitibu baadae walinieleza vizuri kwamba tafiti nyingi za miaka mingi hazijaonyesha kuwa implanti inaongeza hatari ya kansa ya titi hii ya kawaida. Ipo kansa nyengine tofauti kabisa, hiyo ni limfoma, kansa ya seli za kinga ya mwili, inaanzia kwenye ule utando ambao mwili unaujenga kuizunguka implanti, ni adimu, na imehusishwa zaidi na zile implanti za uso wenye mikwaruzo. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba na kujaa maji miaka mingi baada ya kuweka, mara nyingi kati ya 7 na 10. Shirika la Afya Duniani liliitambua rasmi 2016, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliziondoa sokoni implanti zake za mikwaruzo za aina ya BIOCELL dunia nzima. Kwa hiyo kama umeweka na siku moja ukaona upande mmoja umevimba ghafla usiseme ni joto, nenda kapimwe. Na ndio maana unahitaji kujua yako ni ya uso gani, na hilo limeandikwa kwenye kikadi.

Sasa niende kwa mtu aliyeniokoa. Mei yule shoga yangu tunayeuza nae vitenge akanishika mkono akanipeleka kupiga ultrasaundi, hapa hapa Tanga. Mpigaji alikuwa mdada mdogo tu umri wa mwanangu wa kwanza. Nikampa salamu nikalala kitandani, nikawa najiuliza nimwambie au nisimwambie, yeye akapaka ile jeli akaweka kile kifaa, kimya kidogo, alafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naona una implanti, sio?" Nikasema ndio, roho inanidunda. Akasema, "Sawa mama, umefanya vizuri kuja, hebu niambie ziko juu ya msuli au chini, kadi yako unayo?" Basi. Hakunitazama vibaya, hakuniuliza nilizifuata nini. Aligeuza ile skrini akanionyesha, huu mstari mweupe ni ukingo wa implanti, mzima, haujapasuka, na hiki hapa juu yake ndicho kinachonitia wasiwasi, kiko kwenye nyama yako mwenyewe na sio kwenye silikoni. Nilikuwa nimebeba mawazo miezi 4 na mtoto wa watu akanifungua macho kwa dakika 10. Akaniandikia ripoti akaniambia nisikae, nenda Dar kafanye mamogramu, ile eksirei ya titi, na uchukuliwe kinyama cha kupima, na popote utakapofika neno la kwanza kabla hujavua nguo sema una implanti.

Nyumbani nikapekua begi zima la Dubai usiku ule. Kikadi kilikuwepo. Kina jina la kiwanda, namba, ukubwa, aina ya uso, tarehe. Nikakibusu.

Basi la alfajiri kutoka Kange, Segera, Chalinze, adi Dar mchana. Kule mamogramu nilisema neno la kwanza kama nilivyofundishwa, na nikaona faida yake palepale. Kumbe mamogramu ya kawaida ni picha 2 kila titi, jumla 4, lakini ukiwa na implanti ile silikoni inaonekana kama kiwingu cheupe inaficha nyama iliyo nyuma yake na pembeni, kwa hiyo wanapiga picha 4 kila upande, jumla 8. Zile za nyongeza mpiga picha anaisukuma implanti irudi nyuma kuelekea ukuta wa kifua, anaivuta nyama yako mwenyewe mbele ndio anaibana kwenye ile mashine peke yake. Ni utaratibu aliouandika daktari wa Marekani anaitwa Eklund mwaka 1988 na picha zenyewe zinaitwa kwa jina lake. Inauma, sitadanganya, lakini ni ya sekunde. Nilimuuliza je haitapasuka, akasema inaweza kutokea ila ni mara chache, na ndio sababu ya kuwaambia mapema ili wasibane kwa nguvu ile ya kawaida. Tena akasema wewe una bahati zako ziko chini ya msuli, zikiwa juu ya msuli zinaficha zaidi. Fikirieni kama ningekaa kimya, ningepigwa picha 4, na korosho yangu labda ingebaki nyuma ya kiwingu.

Kuchukua kinyama nako nilikuwa na hofu kwamba sindano itaitoboa. Daktari aliiongoza kwa ultrasaundi, akawa anailaza sindano inakwenda sambamba na kifua badala ya kuichoma kwenda chini, na mie naiona kwenye skrini inapita juu ya ule mstari mweupe kama ngalawa inavyopita juu ya mwamba. Haikuguswa.

Majibu: kansa, hatua ya pili, inalishwa na homoni, na HER2, ile protini inayochochea kansa nyengine kukua, hasi. Kwenye oparesheni tezi 2 za kwapani nazo zikakutwa nayo.

Kikao cha kuchagua matibabu ndicho ninachotaka mkisome taratibu nyie wenye implanti. Daktari alianza kwa kusema matibabu yako ni yale yale anayopewa mwanamke yoyote mwenye kansa kama yako, implanti haikunyimi kitu. Kemo, zile dawa za kuua kansa, haizuiwi na implanti na haiidhuru silikoni, ila kinga ikishuka tunakuwa makini na maambukizo maana kitu cha kigeni mwilini kikiingia wadudu kinasumbua kukitibu. Mionzi nayo inapita, silikoni haiizuii isifike kwenye kansa. Tatizo la mionzi liko kwengine, ule utando unaozunguka implanti ukichomwa na mionzi unakuwa mgumu, unajikaza, unaibana implanti inakuwa kama mpira wa kikapu, titi linapanda juu, lengine linauma adi mtu hawezi kulalia. Sio wote, ila ni wengi kuliko wasiochomwa, na wengine wanaishia kurudi kuitolewa.

Kwa hiyo akaniwekea njia mezani. Kutoa uvimbe tu na kuiacha implanti, alafu mionzi, nikikubali hiyo hatari ya kukakamaa. Kutoa uvimbe na implanti yote pamoja, alafu mionzi. Au kutoa titi zima na implanti yake. Akanieleza kwamba nyama yangu mwenyewe ya asili ni chache, imetandazwa juu ya implanti kama chapati juu ya bakuli, ukikata kipande hapo umbo linaharibika na implanti inabaki karibu sana na ngozi. Wanawake wenye nyama ya kutosha wao kutoa uvimbe tu kunawafaa vizuri sana. Akasema pia kama nataka kutengenezewa titi lengine, baada ya mionzi ni bora kutumia nyama yangu mwenyewe ya tumboni au mgongoni kuliko implanti nyengine, ila hilo linasubiri mionzi iishe na ngozi itulie, na ni oparesheni kubwa.

Nilimuomba siku 2. Nikaenda kukaa kwa dada yangu Mbagala, tukazungumza adi usiku wa manane. Nikachagua kutoa lote la kushoto na implanti yake, la kulia libaki kama lilivyo. Huo ni uamuzi wangu kwa mwili wangu, mwenzangu mwengine atachagua kuacha na atakuwa sawa kabisa, nimekutana na mmoja kule wodini alibaki na yake na mionzi akapata, imemkaza kidogo tu na anaishi nayo.

Julai nikafanyiwa. Baadae daktari aliniuliza kama nataka kuiona, nikasema ndio. Ilikuwa kwenye chombo, nzima, haina tundu, inang'aa na kupitisha mwanga kama yavuyavu aliyekwama mchangani pale Raskazone maji yakitoka. Nikaiangalia nikaona hii haina kosa na mimi. Sijui nielezeje, nilihitaji kuiona.

Kemo ntaipitisha haraka maana walioipita wanaijua na wasioipita siwatishi. Dripu 8, kila wiki 3, nne za mwanzo ni ile nyekundu, mkojo wenyewe unatoka mwekundu siku hiyo usishtuke. Nywele zote zilikwenda. Uji wa ndimu ndio ulikuwa unakaa tumboni. Mionzi nikapewa siku 15 pale Ocean Road, jengo lile la zamani la Wajerumani linalotazama bahari, unakaa kwenye benchi na akina mama wa mikoa yote, mwengine katoka Kigoma mwengine Mtwara, mnajuliana hali kama ndugu. Sasa hivi niko kwenye tamoksifeni, dawa ya kuizuia homoni isiilishe kansa, kidonge 1 kila siku, miaka 5 kwa uchache, joto linanipanda usiku natupa shuka, lakini nameza.

Haya. Fundi.

Baada ya mionzi nikarudi Tanga Aprili 2024 nikiwa na upande mmoja bapa na upande wa pili umejaa implanti ya cc 275 na nyama yake. Asiyejua anafikiri ni urembo tu unaokosekana. Sio. Bega la kulia lilikuwa linavutwa chini, la kushoto linapanda, shingo ikawa inaniuma adi naamka usiku, mgongo ukaanza kupinda. Nilikuwa najaza soksi. Soksi haina uzito, ukinyanyua mkono kuning'iniza nguo inapanda adi kwenye kola. Siku moja sokoni Mgandini ilitoka kabisa kwenye shingo ya dera mbele ya muuza samaki, yule baba akageuza uso akajifanya anahesabu chenji, Mungu amlipe kheri kwa heshima ile. Niliulizia ya silikoni ya dukani Dar, bei ikanishinda.

Ndio nikaelekezwa kwa huyu bibi. Yuko Ngamiani, barabara ya 14, ukifika ulizia bibi anayeshona sidiria utaonyeshwa, ana cherehani ya miguu barazani na pazia la kanga nyuma yake, ndani ya pazia ndio chumba cha kupimia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kaa kwanza unywe maji. Hakuniuliza kitu adi nilipomaliza kunywa. Nikamwambia mama mie nimetolewa ziwa la kushoto na lilikuwa na silikoni ndani na huku kulia bado ipo. Akasema hewala, hiyo silikoni ilikuwa na uzito gani unajua? Nikatoa kikadi.

Jamani. Alivaa miwani akakisogeza kwenye mwanga akauliza hii 275 ndio nini, nikamwambia daktari alisema ni ujazo, na silikoni uzito wake unakaribia sana wa maji, kwa hiyo ni kama gramu 275 hivi. Akasema basi nusu ya kazi imeisha, hiyo ya dukani tunaijua, tuitafute ya Mungu. Akatoa mzani mdogo wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki, akatoa na kijaluba cha ulezi. Akapima gramu 275 za ulezi akatia kwenye kimfuko cha kitambaa cha pamba, akakiingiza kwenye sidiria yangu, akanisimamisha mbele ya kioo kirefu akaniambia fumba macho utulie mikono ichie. Yeye akasimama nyuma yangu ananiangalia mabega. Akasema bado, la kulia limelala. Akaongeza vijiko. Nifumbe tena. Bado. Tulikwenda hivo kama mara 6 au 7, kila mara anapima alichoongeza anaandika kwa chaki ukutani. Alipofika gramu 430 nikahisi shingo imetulia mwenyewe, sikuambiwa, nilihisi tu, nikafumbua macho nikajiona kwenye kioo niko sawa. Mabega yote mawili sawa. Nililia pale, yeye akanipa ncha ya kanga yake nikajifuta akasema lia mwanangu, wote wanalia hapo hapo penye kioo.

Umbo lenyewe analishona hivi. Nje ni kitambaa laini cha pamba, alitumia kanga kuukuu iliyofuliwa adi ikalainika, upande wa kugusa kovu hauna mshono hata mmoja. Ndani kuna vyumba 2, cha juu na pembeni amejaza sufi, ile ile ya msufi tunayojazia mito, ndio inatoa ule umbile wa kuteremka vizuri kutoka kwenye mtulinga. Cha chini kina ule ulezi, na hapo ndipo nimemvulia kofia, maana ulezi ni punje ndogo za mviringo zinatiririka, ukiinama zinakwenda mbele ukilala zinatawanyika, yani inaishi kama nyama. Chumba cha ulezi kina vifungo viwili, unautoa ukifua. Ulezi wenyewe anaukaanga kwanza kidogo bila mafuta adi ukauke, ili usiote na usiingie wadudu na hii fukuto yetu ya Tanga. Na sidiria zako unampelekea anazishonea mfuko kwa ndani ili isitoke hata ukiruka.

Nilimlipa shilingi 35,000 pamoja na mifuko ya sidiria 3.

Mapungufu yapo na nayasema maana huko ndiko kumsaidia. Alisema siku 4 nikapata baada ya 13, cherehani ilikuwa mbovu, kwa mtu anayesubiri kitu kama hichi siku 9 za nyongeza ni nyingi na angenipigia simu. Toleo la kwanza lilikuwa linapanda nikinyanyua mkono, nikarudisha akaongeza kitanzi kinachoshikana na kamba ya chini ya sidiria, bure, tangu hapo halipandi. Jua likiwa kali ulezi unapata harufu ya jasho, mie nabadilisha kila baada ya wiki 6, nausafisha mwenyewe naukaanga mwenyewe, sio kazi. Na halifai kuogelea nalo, likilowa limekwisha. La mwisho, asiende mtu ambaye kovu bado bichi au ngozi bado imeungua na mionzi, kwanza daktari akuruhusu, mie nilisubiri ngozi iache kubanduka kabisa.

Hospitali za Dar nawapa 4 kati ya 5, foleni ni ndefu na nauli za Tanga kwenda na kurudi zimenimaliza ila kazi yao wameifanya kwa moyo. Mpiga ultrasaundi wetu wa Tanga 5, na kama angekuwepo wa kumpa 10 ningempa, nilirudi kumshukuru na kilo ya pweza mkavu. Zahanati ile 1, na hiyo 1 ni ya mlinzi wa getini aliyeniitia bajaji nilipokuwa nalia. Fundi nampa 4 na nusu.

Upande wa kulia bado nina implanti na nachunguzwa kila mwaka, picha 4 za upande ule. Sasa hivi ina zaidi ya miaka 10, na hizi vitu sio vya kuwekwa ukazikwa navyo, zinachakaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani FDA inashauri wenye zile za silikoni wafanye MRI, ile picha ya ndani kwa mashine ya sumaku, au ultrasaundi miaka 5 adi 6 baada ya kuweka alafu kila miaka 2 adi 3, kuangalia kama imepasuka kimya kimya, maana ikipasuka mara nyingi huhisi chochote. Mi kabla ya kuumwa sikuwahi kuangalia hata mara moja. Yangu mwezi uliopita imeonekana nzima, na daktari kasema siku tukiamua kuitoa ataniambia mapema ili bibi apunguze na mie upande wa pili. Nilipompelekea bibi hiyo habari alinionyesha ukutani, bado hajaifuta ile chaki: 275, na chini yake 155, na mstari, na 430.

Anafungua saa 3 asubuhi adi alasiri, Ijumaa anafunga kabla ya swala na hafungui tena. Nenda na sidiria zako zisizopungua 2, nenda na kikadi kama unacho, na kama huna bado nenda, ataanza na kijiko cha kwanza.